Bunduki ya Rafaeli na Dungu la Anastazia

Niliwaambia tangu mwanzo kwamba sitaki. Mtu ametoka shambani, miguu imevimba, anatafuta maji ya moto aikande apate kulala, ninyi mnamjia na karatasi: Bibi, tuandikie habari za Mama Oswald na bunduki yake. Kwanza bunduki haikuwa yake. Pili, kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na mkono wangu unaujua mpini wa jembe kuliko kalamu. Ukurasa mmoja kwangu ni sawa na kupalilia tuta zima. Lakini nimesikia watu wanavyoisimulia huko vilabuni, wanamfanya yule mama kichekesho. Hakuwa kichekesho. Alikuwa amechoka. Dungu langu lilipakana na lake, na walioona wengine wote wamekwisha kuzikwa. Basi naandika, na msinikatize.

Anastazia, ndiye huyo Mama Oswald, alipanda dungu akiwa mtoto ambaye hata ngazi inabidi ashikwe mkono. Sisi wa upande huu wa Kisanga, unapoelekea Mikumi, hatuhitaji kuelezwa dungu ni nini, ila ninyi wa mjini nitawaambia: ni jukwaa la miti lililosimamishwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na kijipaa cha nyasi kichwani. Unakaa huko mahindi yanapoanza kubeba mpaka yanapokauka. Alfajiri unafukuza ndege wa mpunga. Jua likipanda wanakuja nyani. Jioni nguruwe. Silaha yako ni kombeo, debe bovu la kupiga na koo lako. Watu hudhani kazi ya mkulima ni kulima. Kulima kunakwisha. Kazi ni kukilinda ulichokilima kisiliwe na ambao hawakulima.

Alilinda kwa mama yake. Akaolewa na Rafaeli, akashuka dungu la mama yake akapanda la mumewe. Oswald, mtoto wa kwanza, nusura azaliwe huko juu. Wanawake walimshusha Anastazia wakimshika kwapani, na bado alikuwa anageuka kuangalia kama nyani wameingia. Watoto wote waliofuata walinyonya huko. Mgongo wake ulijikunja kwa kukaa juu ya fito, na hata akiwa kanisani alikaa vile, ameinama mbele, anaangalia pembeni, kama mtu anayesubiri kitu kitokee porini.

Na Rafaeli je? Rafaeli hakulinda. Rafaeli alikuwa mbeba bunduki.

Zamani, kabla mbuga haijafungwa kuwa hifadhi, kulikuwa na Mgiriki aliyesimamia shamba la mkonge upande wa Kimamba. Kila Jumapili Mgiriki yule alishuka kuwinda kwenye uwanda wa Mikumi, na nyuma yake alitembea Rafaeli na bunduki begani. Haikuwa bunduki kama za askari. Ilikuwa fupi, na chini yake, pale penye kidole cha kufyatulia, ilikuwa na pete kubwa ya chuma ya kuingiza vidole vyote. Unaisukuma pete chini, unairudisha juu, ganda linaruka nje na risasi nyingine imekwisha kukaa mahali pake. Mlio wake wakati wa kuikoki Rafaeli aliuiga kwa ulimi: krrcha-kacha. Aliuiga akila, aliuiga akioga. Watoto wake waliujua kabla ya kujua kusema baba.

Halafu mambo yakabadilika. Uhuru ulikuja, uwanda ukawa hifadhi, baadaye mashamba ya mkonge yakachukuliwa na serikali. Mgiriki akafunga mizigo yake, na bunduki ikiwemo. Rafaeli akabaki na kiinua mgongo chake na kopo la risasi ambazo Mgiriki alizisahau kwenye gari. Kopo lile alilihifadhi darini kama mtu anavyohifadhi sanda.

Kiinua mgongo kilipofika, Anastazia alitaka mabati. Nyumba ilikuwa inavuja mpaka kuku walihama upande mmoja. Walizungumza wakiwa wamekaa uani, na mimi nilikuwa hapo nachambua mchicha.

"Mabati yatakukinga na mvua," Rafaeli akasema. "Nyani je, utamfukuza na nini?"

"Na debe, kama siku zote."

"Ndiyo ninayokuambia. Bunduki ikiingia nyumba hii, Mama Oswald, wewe unashuka. Unashuka moja kwa moja. Nyani wanaujua mlio ule, walikuwa wanausikia tangu kwa babu zao. Nikipiga mara moja hawarudi mpaka mavuno. Wewe utakuwa unalala mchana kama bibi harusi."

Anastazia alikuwa anakanda kiuno kwa ngumi.

"Nitashuka?"

"Utashuka."

"Sema tena mbele ya huyu." Akanielekeza kidole.

"Utashuka, shemeji ni shahidi," Rafaeli akasema akicheka.

Basi mabati yakaachwa. Sikilizeni vizuri hapo, maana watu wakisimulia wanasema yule mama aliipenda bunduki. Hakuipenda. Aliuziwa mgongo wake.

Rafaeli alihangaika na kibali muda mrefu. Polisi Kilosa, kwa Bwana Nyama, yule afisa wa wanyama wa porini, polisi tena, barua ya mwenyekiti wa kijiji kwamba ni mtu mwema na nguruwe wapo kweli. Alipokipata akapanda garimoshi mpaka Morogoro, kwenye duka la Mhindi mmoja mzee aliyekuwa bado na silaha chache kwenye kabati la kioo. Na humo kabatini, alituambia mwenyewe, alikuwepo yeye. Ile ile. Fupi, mti wa rangi ya asali, pete ya chuma chini.

Mhindi alikuwa mtu wa haki. Alimwambia, "Mzee, hii si ya zamani. Ya zamani haitengenezwi tena. Hii mpya, kiwanda kingine, wamefuata sura ya ile. Unaelewa?"

Rafaeli akaingiza vidole kwenye pete. Krrcha-kacha. Hakusikia kingine tena. Angeulizwa jina la mama yake saa ile asingelijua. Alilipa, akachukua na boksi za risasi ambazo Mhindi alimsukumia, akazitia mfukoni kwa kumridhisha tu, maana moyoni alikuwa na kopo lake la darini.

Siku aliyorudi kijiji kizima kilikuja. Kilikuwa ndiyo kwanza kimekuwa kijiji cha ujamaa, wengine tumehamia kutoka vitongoji, bado hatujazoeana, na kitu kama kile kilitukusanya kuliko mikutano. Bunduki ikapita mkono kwa mkono. Ikafika kwa Ulimboka, mzee aliyetoka Tukuyu kukata mkonge akazeekea huku. Naye alimfahamu Mgiriki. Akaigeuza, akapitisha kiganja mahali pa kuegemeza shavu.

"Ile ya Mgiriki ilikuwa imelika hapa kwa ndevu zake," akasema. "Hii haijamjua mtu. Sura ni yake, ila si yenyewe."

"Ni yenyewe," Rafaeli akasema. "Imesafishwa."

Akapanda darini akashuka na kopo. Akachukua risasi moja ya Mgiriki, akaisukuma ubavuni mwa bunduki. Haikuingia. Akajaribu nyingine. Akaipuliza, akaifuta kwa kanga ya mkewe, akajaribu tena. Risasi ilikuwa nene, tundu ni dogo.

"Zimevimba kwa unyevu," Rafaeli akasema.

"Chuma nacho kinavimba?" Mwamvua akauliza. Huyo alikuwa jirani yetu wa upande wa msikitini, mdomo wake haukuwa na kifuniko.

Anastazia alikuwa amesimama mlangoni. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa na haja na risasi, aliangalia uso wa mumewe tu. Akajua kwamba mtu huyu alikwenda Morogoro kununua Jumapili zake za zamani. Mgongo wa mke haukuwa safarini. Lakini alikuwa bado na ahadi, na shahidi nilikuwepo, akaona asubiri.

Na kusema kweli ilifanya kazi. Kwa zile boksi za Mhindi, Rafaeli alimlaza nguruwe wiki ile ile kwenye mpaka wa shamba lake. Wakristo tukala. Mwamvua akasema, "Pigeni wote, dua yangu iko nanyi, ila msimpitishe mlangoni kwangu." Anastazia akashuka dungu. Alilala mchana ule na kesho yake. Nilipita nikaona mlango wazi, yuko mkekani, mikono wazi kama mtu aliyeangushwa. Nikapita kimya.

Ndipo Mwenyekiti Stefano akaitisha mkutano.

Stefano hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, alipenda kila jambo liwe na utaratibu. Akasema: ndugu, katika kijiji cha ujamaa hakuna shamba la fulani linalolindwa na la fulani linaloliwa. Bunduki ni ya Ndugu Rafaeli kwa kibali, lakini nguruwe ni wetu sote. Watu wakapiga makofi. Rafaeli naye akapiga makofi. Hakuna aliyewahi kumwita Ndugu mbele ya watu wengi namna ile.

Sasa sisi tulikuwa na desturi yetu ya tangu enzi za magobore. Ukitaka mwenye gobore aje shambani kwako, unampelekea kuku hai, unamfunga mlangoni kwake. Tunamwita kuku wa baruti, kwa sababu ndiye aliyekuwa analipia baruti. Kuku mmoja, siku moja, tangu alfajiri mpaka jua kuzama, na siku hiyo unampikia huyo mwenye gobore. Huwezi kuita kwa mdomo mtupu. Ukiita hivyo ni kama hukuita. Stefano akaiongezea utaratibu: anayetangulia kufunga kuku ndiye anayetangulia kupata bunduki, bila kujali ni nani. Tukaona ni haki. Wote tukaona ni haki, na yeye Anastazia pia, alikuwa amechoka mno kufikiri.

Kuanzia hapo kila asubuhi kuku walilia mlangoni kwake. Rafaeli alitoka na bunduki begani, leo kwa Lazaro, kesho kwa Mwamvua, keshokutwa ng'ambo ya mto. Alizungukwa na watoto wakimtazama. Alipikiwa wali na nyama, alitengewa kiti kivulini, alisimulia Mgiriki. Akanenepa. Akapata kitambi cha kuegemeza kitako cha bunduki.

Na shamba lake mwenyewe? Nyani hawasubiri zamu. Anastazia akarudi dunguni. Akarudi pale pale, kwenye fito zile zile, na kombeo na debe. Tofauti ilikuwa kwamba zamani nyani walitawanyika mashamba yote; sasa penye bunduki hawaendi, wakaja wote kwake. Nilikuwa namsikia kutoka dunguni kwangu, sauti imekauka kama mbao inayopigwa randa.

"Mama Oswald," nikamwita siku moja, "si umwambie mumeo?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Anasema mke hawezi kumtolea mumewe kuku wa baruti, kwa hiyo zamu yetu haipo. Anasema nivumilie, kijiji kinamtegemea."

Nyani dume mkubwa alikuwa amekaa kwenye tuta, anamenya hindi taratibu, anamtazama kama mtu aliyealikwa. Anastazia akaokota jiwe, akaliweka kwenye kombeo, akaliangalia, akalirudisha chini. Akashuka ngazi. Hakukimbia. Akapita kando ya nyani yule kwa hatua za mtu anayekwenda kisimani, akaelekea nyumbani.

Mimi nikashuka nikamfuata. Niliona kuna jambo.

Kuku wote wa baruti Anastazia alikuwa hajawachinja. Rafaeli alikula kwa watu, hakuwakumbuka. Walikuwa wamejaa bandani, wamezaliana. Akamkamata jogoo mweupe, akamfunga miguu kwa ukambaa, akamtia kwapani. Akazunguka nyumba yake mpaka uwanja wa mbele. Pale walikuwepo watu wamekaa chini na kuku wao, Mwenyekiti amesimama anapanga, Rafaeli kwenye kigoda anaifuta bunduki mafuta. Anastazia akasimama mbali kidogo, kama mgeni anavyosimama.

"Hodi hapa kwa mpiga bunduki."

Rafaeli akainua macho. "Mama Oswald. Unafanya nini?"

"Nimekuja kuita. Nyani wako shambani kwangu." Akamfunga jogoo mlangoni, kwenye mwimo wa mlango wake mwenyewe, akaja akakaa chini pamoja na waitaji.

"Kwako si kwangu?"

"Pangekuwa kwako ungekuwa umekwisha kufika."

Kuna mtu alianza kucheka akajikohoza. Stefano akaja upesi. "Mama, hii haiwezekani. Kuku huyu anatoka bandani kwako anarudi bandani kwako. Huo ni mchezo."

"Ndugu Mwenyekiti," Anastazia akasema, na hakupandisha sauti, hakuwa nayo, "kuku wa baruti anapewa mwenye bunduki. Kibali kina jina la nani? Langu? Kuku huyu alikuwa wangu, nimemlea, mume wa mtu hajui hata banda linafungwaje. Sasa ni wake. Amchinje, amuuze. Mimi nadai siku yangu."

Stefano akamwangalia Rafaeli. Rafaeli akaangalia bunduki.

"Aliyetangulia ni nani?" Stefano akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuokolewa na utaratibu wake.

Mwamvua alikuwa wa mbele siku ile, na mtetea wake mapajani. Mpunga wake nao ulikuwa unaliwa. Akamtazama Anastazia, akatazama vidole vyake vilivyochanika kwa kamba ya kombeo.

"Yeye ndiye aliyetangulia," akasema. "Mimi nilikuja kusalimia tu."

Wa nyuma yake akasema vivyo hivyo. Lazaro akanung'unika, mkewe akambana ubavuni, naye akasema alikuja kusalimia.

Rafaeli akaondoka na bunduki yake. Desturi ni desturi, na anayeita hupika. Anastazia akampelekea mahindi ya kuchemsha, chakula chake mwenyewe cha miaka yote, akamwekea chini ya ngazi bila kupanda. Kiti cha kivulini hakikuwepo. Halafu akarudi nyumbani akalala na mlango wazi, na kuku wakamtembelea miguuni.

Mimi nilikuwa dunguni kwangu, niliona yote. Nyani walikaa ukingoni mwa pori. Walimwona amebeba kile kitu wakabaki huko huko, hakupata hata wa kumlenga. Akakaa. Hakuna wa kumsimulia Mgiriki. Jua likamfuata chini ya kile kijipaa, siafu wakapanda nguzo, fito zikaanza kumuuliza maswali kiunoni. Akajaribu kulala ubavu, akajaribu kuchutama. Adhuhuri aliikoki bunduki bure, krrcha-kacha, akaikoki tena. Mchana ukawa mrefu. Jioni alishuka kinyumenyume, akasimama chini ya ngazi ameshika nguzo mpaka mgongo ulipomruhusu kunyooka.

Alipofika nyumbani Anastazia alikuwa ameamka, anapepeta.

"Fito zile," Rafaeli akasema.

"Eeh."

"Huwa unakalia nini?"

"Nakalia fito."

Kesho yake Anastazia akaingia bandani akatoka na kuku mwingine. Hata hakufika mlangoni. Rafaeli alikuwa amekwisha kutoka, na alikuwa amekunja gunia la kukalia kwapani.

Msimu ule wengine tulipata bunduki siku moja moja, na shamba la Anastazia likapata nyingine zote. Stefano alijaribu kubadilisha utaratibu, akakuta kila mmoja ana kuku wake na maoni yake, akaacha. Risasi za Mhindi zilikwisha kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata. Rafaeli alirudi Morogoro akakuta duka limefungwa, na kokote alikouliza hakuna aliyekuwa na za namna ile. Bunduki ikawa kitu cha kushika. Lakini aliendelea kupanda dungu, yeye na gunia lake na ile bunduki tupu, na mkewe akaendelea kushinda chini. Alituambia amepazoea, upepo ni mzuri kule juu. Alikuwa anaogopa kuku.

Tulipohamishwa tena, wakati wa operesheni ya vijiji, wakatupanga mstari mmoja kando ya barabara, aliibeba begani mbele ya mizigo yote. Alipofariki polisi waliichukua kama sheria inavyotaka. Ulimboka alikuwa bado hai, akaipapasa mahali pa shavu kabla hawajaondoka nayo. Palikuwa pamelika.

Anastazia aliishi miaka mingi baada yake, chini, kwenye nyumba ya nyasi mpaka Oswald alipomwezekea mabati. Mgongo haukunyooka. Uliponyanyuliwa mwili wake kuoshwa bado ulikuwa vile, umeinama mbele. Msiniambie basi alishinda. Alipumzika, hilo tu alilotaka, na alilipata akiwa tayari ameisha.

Nimemaliza. Sasa ninyi mliotaka niandike. Mmeniita, nami nimekuja, mchana mzima na taa ya jioni juu yake. Mnajua anayeitwa hupewa nini. Mleteni akiwa hai, awe mtetea anayetaga, msiniletee wale weupe wa madukani wasiojua kuparua. Mfungeni mlangoni upande wa kushoto. Na mkishamfunga msiondoke. Mpunga wangu umeanza kubeba, dungu lipo, na ngazi nimeikaza jana. Njooni na gunia la kukalia.